Mwaridi Umekufa au Umelala? Utatuzi wa Matatizo ya Miwaridi Wakati wa Baridi

Kila baridi inapokaribia kulegea, malalamiko huwa yaleyale. Matawi yamekuwa meusi. Mche uliopandwa wiki 6 zilizopita umesimama kama fimbo, hauna hata jicho moja (chipukizi lililolala kwenye tawi) lililovimba. Kuna ukungu wa kijivu chini ya kifuniko. Sungura wametafuna gome. Kisha hufuata swali: ning'oe?

Kwa wengi jibu ni hapana, angalau si leo. Nimeona miwaridi mingi ikipotea wakati wa baridi, na ni michache tu iliyouawa na baridi peke yake. Mingine ilikaushwa na upepo, mingine ilizamishwa na maji yaliyotuama mizizini, na mingine, hii ndiyo inayoniuma zaidi, iling'olewa ikiwa hai na mwenyewe aliyechoka kusubiri. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kipimo kabla ya tatizo lolote.

Jambo moja kuhusu majira: baridi ya wengine huwa Desemba na ya wengine huwa Juni, kwa hiyo sitataja miezi. Sikiliza udongo wako: je, umeganda, umelowa chepechepe, au unachimbika?

Kipimo cha kwanza, kabla ya mkasi

Chukua ukucha au kisu kidogo, ukwangue gome la tawi eneo dogo tu. Rangi ya kijani na unyevu chini ya gome maana yake tawi li hai. Kahawia kavu maana yake sehemu hiyo imekufa. Usikwangue mahali pamoja ukatoa hukumu: anza karibu na ncha, shuka kidogo kidogo hadi karibu na udongo, kwa sababu tawi hufa kuanzia juu. Mara nyingi utakuta kijani sentimita 15 chini ya mahali ulipokata tamaa.

Ukibaki na shaka, kata ncha ya tawi moja uangalie katikati yake. Kiini cheupe au cha rangi ya maziwa ni kizima. Kiini cha kahawia kimeathirika na baridi au ugonjwa.

Hata kama kila kilicho juu ya ardhi ni kahawia, usichukue sepeto bado. Mwaridi uliozikwa vizuri huweza kuchipua kutoka chini ya udongo. Subiri miwaridi mingine ya jirani itoe majani, kisha uupe wako wiki 6 nyingine. Ukiwa haujatoa kitu baada ya hapo, haya, chimba.

Dalili: matawi yamekuwa meusi au ya kahawia

Kwanza ondoa hofu isiyo na sababu. Matawi machanga ya miwaridi mingi hugeuka mekundu au ya zambarau kwenye baridi. Hiyo ni rangi yake ya msimu, si ugonjwa. Kinachotakiwa kukushughulisha ni weusi na ukahawia.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni ncha kuungua kwa baridi. Ncha hazikukomaa kabla ya jalidi, yaani umande ulioganda, kuanguka, zikaganda, zikafa. Ukahawia unaanzia juu na kukoma mahali fulani, na chini ya hapo tawi ni kijani. Usifanye lolote sasa. Ukikata katikati ya baridi unafungua jeraha jipya, na jalidi inayofuata itaingia palepale. Ngoja baridi kali ipite na macho yaanze kuvimba, ndipo ukate kurudi chini hadi ukutane na kiini cheupe. Kata nusu sentimita hivi juu ya jicho linalotazama nje ya mmea.

Aina nazo hazilingani. Miwaridi ya maua makubwa ya kukatwa, ile inayoitwa haibridi ti, huungua mapema sana. Rosa rugosa, yenye majani yaliyokunjamana na miiba mingi, hustahimili hata nyuzi 40 chini ya sifuri. Kama kila mwaka unakata matawi yaliyokufa hadi ardhini, huenda kosa si lako kabisa: umechagua mmea usiolingana na baridi ya mahali pako.

Sababu ya pili ni ukavu, na watu wengi hawaitambui kwa kuwa haiingii akilini kwamba mmea unaweza kufa kwa kiu katikati ya theluji. Udongo ukiganda, mizizi haiwezi kuvuta maji. Upepo na jua la mchana vinaendelea kuyanyonya matawi. Utaona gome limesinyaa na kukunjamana, na upande unaopigwa na upepo umeathirika kuliko mwingine. Dawa yake hutolewa kabla: mwagilia maji ya kutosha wiki chache kabla ardhi haijaganda, na uzungushie gunia lililofungwa kwenye vigingi 3 au 4 upande wa upepo. Baridi ikilegea kwa siku kadhaa na udongo ukichimbika, hakikisha haujakauka. Ukiwa mkavu, mwagilia asubuhi.

Sababu ya tatu ni kidonda cha kuvu. Hiki kina mipaka. Ni bato la kahawia au kijivu lililozungukwa na ukingo mwekundu au wa zambarau, limedidimia kidogo, na mara nyingi lina vidoa vidogo vyeusi juu yake kama pilipili manga iliyosagwa. Huanzia kwenye kigutu kilichoachwa na mkasi, kwenye mwiba uliovunjika au mahali matawi mawili yanaposuguana. Hiki hakisubiri kama ncha zilizoungua, kwa sababu kuvu hushuka. Subiri siku kavu isiyo na jalidi, kata sentimita kadhaa chini ya kidonda mpaka kiini kiwe safi, na ufute mkasi kwa spiriti kila unapotoka tawi moja kwenda jingine. Vipande usivitie kwenye mboji; vichome au uvitupe mbali.

Mara chache kosa huwa ni chumvi inayomwagwa njiani kuyeyusha barafu. Ukahawia ukiwa upande wa barabara au wa kinjia tu, hiyo ndiyo sababu. Udongo ukishayeyuka, mwagilia maji mengi ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Acha kukata iwapo kidonda kimefika kwenye kiungo, yaani kile kifundo kinene ambapo aina uliyonunua ilibebeshwa kwenye shina la chini la mwaridi mwingine. Kikiwa hapo, na kifundo ni laini au cheusi pande zote, mkasi hauna kazi tena. Mmea utolewe.

Dalili: mche wa mizizi mitupu haujachipua

Miwaridi inayouzwa wakati wa baridi mara nyingi huja bila udongo: mizizi mitupu, matawi mafupi, hakuna hata jani. Ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kupanda mwaridi, kwa sababu mmea umelala na hausikii uchungu wa kuhamishwa. Ila ndiyo inayowatia watu wasiwasi zaidi.

Sababu ya kwanza: bado umelala. Mche uliopandwa baridi ikiwa kali unaweza kukaa miezi 2 au zaidi bila kuonyesha kitu. Kwangua gome. Kijani? Basi uache. Mizizi huanza kazi kabla ya macho, na kazi hiyo huioni.

Sababu ya pili: matawi yanakauka kabla mizizi haijashika. Mche mpya hauna mizizi midogo ya kunyonya maji, lakini matawi yake yanapoteza maji kila siku ya upepo. Gome likianza kusinyaa, rundika udongo uliolegea au mboji iliyoiva kuzunguka matawi hadi yafunikwe angalau theluthi mbili. Udongo huo utoe sehemu nyingine, usiukwangue pale pale mche ulipo, la sivyo utaianika mizizi. Rundo hilo huhifadhi unyevu mpaka macho yaamke. Yakishachomoza, liondoe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, asubuhi au siku ya mawingu, ukitumia maji ya bomba badala ya vidole, kwa sababu machipukizi machanga hukatika kwa kuguswa tu. Nisingepanda mche wa mizizi mitupu bila rundo hili, hata mahali pasipo na baridi kali.

Sababu ya tatu: ulikauka kabla haujafika mikononi mwako. Mizizi iliyokaa siku nyingi kwenye karatasi kavu huwa myepesi na hukatika kama kijiti cha kibiriti. Kwa mche ambao bado haujapandwa, iloweke mizizi kwenye ndoo ya maji kwa saa 12 hadi 24, isizidi siku moja. Kwa uliokwisha kupandwa na hauonyeshi dalili ilhali hewa imeanza kuwa ya joto, unaweza kuujaribu mara moja tu: uchimbue taratibu, uuloweke usiku kucha, uufunge wote kwenye gunia lenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, uuweke ndani ya nyumba mahali pasipopigwa na jua kwa siku 3 hadi 7. Angalia kila siku. Macho yakivimba, upande upya na kuufunika kwa rundo. Njia hii imeokoa miche ambayo wenyewe walishaiaga.

Sababu ya nne: mashimo ya hewa na kina kibaya. Mizizi ikining'inia kwenye uwazi ndani ya udongo hukauka au kuganda. Ukiutikisa mche na ukahisi unacheza, tatizo ni hilo. Chimba shimo la upana na kina cha takriban sentimita 40, jenga kichuguu kidogo cha udongo katikati, tandaza mizizi juu yake kama mwavuli, rudisha udongo nusu, mwaga maji, yakishazama rudisha uliobaki na ubonyeze kwa mikono. Kifundo cha kiungo kizikwe sentimita 5 hivi chini ya udongo mahali penye baridi ya kuganda. Mahali penye baridi nyepesi kiwe usawa wa udongo au juu yake kidogo. Maji ya kupandia ni lazima hata kama ni majira ya baridi. Ndoo moja ya lita 10 si nyingi.

Sababu ya tano: maji yanatuama. Majani ya kwanza hutoka manjano na kunywea, na mizizi ukiifukua ni meusi yenye harufu ya kuoza. Jaza shimo maji, yaache yazame, jaza tena, kisha tazama. Yakishuka kwa kiasi kisichofika sentimita 2 au 3 kwa saa, hapo hapafai bila kuinua kitalu. Usimimine kokoto chini ya shimo ukidhani zitasaidia. Maji hukusanyika juu ya kokoto na mizizi inazama vilevile.

Zipo sababu mbili za nadra zaidi. Samadi mbichi au mbolea ya chumvichumvi iliyowekwa ndani ya shimo huunguza mizizi michanga, kwa hiyo mbolea isubiri mpaka mche uwe na majani. Na mwaridi mpya uliopandwa palepale ulipokuwa mwaridi wa zamani mara nyingi hudumaa bila sababu ya kuonekana. Badilisha udongo wa hapo kwa kina na upana wa nusu mita hivi, au upeleke mche mahali pengine.

Je, udongo umeganda siku mche ulipofika? Usiupande kwa nguvu. Ulaze kwa mshazari kwenye mtaro mdogo mahali paliposetirika, ufunike mizizi na sehemu ya matawi kwa udongo wenye unyevu, au uuhifadhi mahali penye baridi isiyogandisha huku mizizi imefungwa kwenye kitu kibichi. Utakaa hivyo wiki kadhaa bila madhara.

Onyo: kama hujui mabomba ya gesi, nyaya za umeme au mabomba ya maji yamepita wapi kwenye kiwanja chako, usichimbe. Wapigie wanaohusika na huduma hizo waje wakuonyeshe kwanza.

Dalili: mwaridi umeamka katikati ya baridi

Siku 10 za joto la udanganyifu, na machipukizi mekundu yako nje. Moyo unakutuma uyakate. Usiyakate! Kupogoa huuambia mmea uamke zaidi, nawe utakuwa umechochea kile unachokiogopa.

Mara nyingi sababu ni joto hilo la muda, na huwezi kulizuia. Jalidi ikitabiriwa, funika kwa shuka kuukuu au gunia jioni, ufunue asubuhi. Machipukizi yakiungua, yaache yaning'inie hadi wakati wa kupogoa. Palepale yalipoota kuna macho mengine ya akiba yanayongoja zamu.

Sababu inayofuata ni mkono wa mwenye bustani. Mbolea yenye naitrojeni nyingi ikitiwa mwishoni mwa msimu wa maua hutoa matawi laini yasiyokomaa. Acha kuitia wiki 6 hadi 8 kabla ya jalidi ya kwanza inayotarajiwa. Kupogoa sana kabla ya baridi kuna matokeo hayo hayo. Acha pia kukata maua yaliyonyauka mwisho wa msimu, mmea utengeneze matunda yake mekundu. Hiyo ni mojawapo ya ishara zake za kwenda kulala.

Mahali ambapo haigandi kamwe, mwaridi hauendi kulala vizuri, na hilo si tatizo la kutibu. Unaweza kuupumzisha mwenyewe: pogoa kiasi, uchume majani yote ya zamani kwa mkono, upunguze maji.

Dalili: mmea unayumba, au umeinuka kutoka ardhini

Ukiona tundu kama faneli kuzunguka shina, ni upepo. Matawi marefu yanasukwa huku na huku, shina linapanua tundu, maji yanaingia, yanaganda, yanajeruhi shina. Fupisha matawi marefu kwa theluthi moja kabla baridi haijaanza, kwa ajili ya upepo tu, na upogoaji kamili uuache kwa wakati wake. Ziba tundu kwa udongo, bonyeza, na mwaridi mrefu ufunge kwenye kigingi imara. Unaotambaa ukutani ufungwe kwa kamba laini.

Kama mche umepanda juu na mizizi inaonekana, ni ardhi inayoganda na kuyeyuka mara kwa mara; udongo unavimba na kuusukuma mmea nje. Hutokea zaidi kwa miche ya mwaka wa kwanza. Usiukanyage kwa viatu kuurudisha wakati udongo umeganda, utakata mizizi. Funika mizizi iliyo nje kwa udongo au mboji mara moja, ungoje udongo uyeyuke ndipo uukandamize au uupande upya.

Matandazo yanawekwa ili ardhi ibaki na hali moja, watu wengi wanadhani ni ya kuipasha joto. Kwa hiyo yatandazwe udongo ukishapoa kabisa, unene wa sentimita 8 hadi 10. Ukiwahi kuyaweka wakati bado kuna joto, unalifungia joto ndani na mmea unachelewa kulala.

Dalili: ukungu wa kijivu chini ya kifuniko

Hapa kosa karibu kila mara ni plastiki. Mchana jua linapika ndani, usiku mvuke unageuka matone, na kuvu wa kijivu anapata kila anachotaka. Ondoa plastiki, kata sehemu zilizooza siku kavu, badilisha na gunia au majani makavu ndani ya kizuizi cha waya. Kama ni kofia maalumu ya povu, toboa matundu juu na uifungue siku za jua. Ukungu ukiwa ni kwenye majani makavu ya kufunikia tu na gome ni zima, badilisha majani hayo, basi.

Theluji iliyotulia haina ubaya. Ni blanketi zuri. Nzito inayokunja matawi ipanguse kwa ufagio kutoka chini kwenda juu, lakini iliyogeuka barafu iache iyeyuke yenyewe.

Dalili: majani ya zamani hayaanguki, nayo yana madoa

Madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika na jani kuwa manjano ni ugonjwa wa madoa meusi. Vifukofuko vya rangi ya chungwa chini ya jani, vinavyogeuka vyeusi baridi ikija, ni kutu. Unga mweupe kwenye ncha ni ubwiri unga. Vyote vitatu hulala pamoja na mwaridi wako na kuamka nao, ama kwenye majani yaliyoanguka, ama kwenye matawi na macho.

Hii ndiyo kazi ya baridi yenye faida kubwa kuliko dawa yoyote. Okota majani yote yaliyo chini, uchume yaliyobaki juu, kata matawi yenye madoa ya zambarau wakati wa kupogoa, kisha tandaza matandazo mapya juu ya udongo ili matone ya mvua yasirushe mbegu za kuvu juu tena. Kuvu wa madoa meusi anahitaji jani lililolowa kwa takriban saa 7 ili aingie, ndiyo maana mimi humwagilia chini, kwenye udongo, na asubuhi tu.

Ukiamua kupuliza dawa za wakati wa usingizi, yaani za salfa, shaba au mafuta ya bustani, soma maelezo ya chupa yote, vaa glavu na miwani, usipulize siku ya jalidi. Usichanganye salfa na mafuta wala kuzipuliza kwa kufuatana karibu, huunguza mmea. Huna vifaa vya kujikinga, au bustani iko karibu na kisima au bwawa la samaki? Acha, mwite mtaalamu wa mimea.

Dalili: gome limetafunwa

Mkato safi wa mshazari kwenye vijiti vyembamba, karibu na ardhi, ni sungura. Mkato uliochanika, juu zaidi, ni kulungu au mnyama mwingine mkubwa wa jamii hiyo. Alama ndogo za meno chini kabisa, mara nyingi ndani ya matandazo, ni panya wa shambani.

Gome likiliwa upande mmoja, tawi huweza kuishi. Likiliwa duara zima, sehemu ya juu itakufa. Kata chini yake msimu wa kupogoa utakapofika. Zungushia wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, uuzike sentimita chache chini ya udongo, na usogeze matandazo mbali na shina kwa upana wa kiganja. Sumu ya panya siipendekezi bustanini hata kidogo. Paka, bundi na watoto hawajui mpaka uliouweka.

Dalili: mwaridi wa chunguni ulitoa majani, kisha ukaanguka ghafla

Huu unasikitisha kwa kuwa hutokea pale ulipokwisha kufurahi. Matawi yalikuwa kijani, macho yakafunguka, majani yakatoka, na ndani ya wiki mbili kila kitu kimenyauka. Mizizi ilikufa wakati wa baridi. Tawi lilikuwa linatumia akiba yake ya mwisho. Mizizi haivumilii baridi kama matawi, na chunguni baridi inaipiga pande zote.

Utoe chunguni uangalie. Mizizi myeupe au ya hudhurungi iliyo ngumu ikiwepo hata kidogo, kata iliyooza, punguza matawi kwa nusu, upande kwenye udongo mpya na uuweke kivulini. Ikiwa yote ni meusi na laini, hakuna cha kuokoa.

Baridi ijayo peleka chungu gereji isiyo na moto au bandani, mahali penye nyuzi 0 hadi 7 hivi, na mwagilia kidogo kila baada ya wiki 3 au 4. Usiingize sebuleni, joto la ndani linauamsha mmea bila mwanga wa kutosha, nao unachoka. Kama hakuna pa kuupeleka, zika chungu kizima ardhini.

Dalili: nundu kwenye shina, au matawi kama ufagio

Matawi yakiwa matupu ndipo mambo haya huonekana. Nundu ngumu yenye mikwaruzo, kwenye kiungo au mizizini, husababishwa na bakteria wanaoishi udongoni na kuingia kupitia majeraha. Haina tiba. Chimbua mmea na udongo unaouzunguka, usafishe vifaa, na usipande mwaridi hapo kwa miaka kadhaa.

Kishada cha vijiti vingi vilivyosongamana kama ufagio, chenye miiba mingi kupita kiasi, kinaweza kuwa ugonjwa wa virusi unaosambazwa na utitiri wadogo mno wanaobebwa na upepo. Umeenea Amerika Kaskazini. Dawa ya kuua magugu ikimgusa mwaridi nayo huleta mfano wa hali hiyo, kwa hiyo usihukumu kwa macho tu: piga picha, usikate wala kutikisa, mwite afisa wa afya ya mimea wa eneo lako. Akithibitisha, mmea wote pamoja na mizizi ufungwe kwenye mfuko na utolewe.

Dalili: umechipua kwa nguvu, lakini si mwaridi uleule

Baridi iliua aina uliyonunua, shina la chini likabaki na kuota. Likiwa ni la Dr. Huey, aina ya mwaridi inayotumiwa sana kama shina la chini, utapata maua mekundu yaliyokolea, ya mara moja tu kwa mwaka. Watu huhesabu vijani vya kila jani ili kulitambua shina la chini, lakini hesabu hiyo hudanganya. Fukua ufuate chipukizi linatoka wapi: likitoka chini ya kifundo, ling'oe kwa kulivuta kutoka mahali lilipoanzia, usilikate, maana ukilikata litarudi likiwa mawili. Juu ya kifundo kukiwa hakuna kilicho hai, aina yako imekwenda.

Mikono yako

Vaa glavu za ngozi zinazofika kwenye kiwiko hata kama unakata kijiti kimoja. Mwiba wa mwaridi unaweza kuingiza chini ya ngozi kuvu anayeitwa Sporothrix. Kipele kigumu kisichouma sana hutokea wiki 1 hadi 12 baadaye, wakati umeshausahau mchomo wenyewe, kisha vingine hufuatana kupanda mkono. Osha kila mchomo kwa sabuni, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Kidole kikivimba, kiungo kikikaza, mstari mwekundu ukipanda mkononi au kipele kikikataa kupona, nenda hospitali, na mwambie daktari waziwazi kwamba ulichomwa na mwaridi. Asipoambiwa, hana sababu ya kumfikiria kuvu huyu.